Kwa nini muziki unakatika na intaneti ipo? Namna ya kuchagua rauta ya nyumbani

Mama yangu mkubwa anakaa Mji Mkongwe, Unguja, orofa ya pili ya nyumba ya mawe ya zamani. Akishasali Magharibi hufungulia taarabu kwenye spika yake, akaketi dirishani na kikombe cha chai ya tangawizi. Fidla zinapanda, ganuni inajibu, mwimbaji anavuta pumzi, kisha kimya. Nusu dakika baadaye wimbo unarudi kama mgeni aliyetoka nje kidogo kupokea simu. Na simu yangu inalia: "Baba, hii waifai yako imelala tena." Waifai si yangu, ila mimi ndiye niliyeifunga, kwa hiyo lawama nazibeba mimi.

Tulifanya wanachofanya wengi. Kwanza tukapandisha kifurushi kutoka megabiti 10 hadi 20 kwa sekunde. Muziki ukakatika vilevile. Kisha binamu yangu akaleta rauta yenye antena sita, ukiitazama utasema kaa aliyelazwa chali. Ukakatika vilevile, ila safari hii kwa gharama kubwa zaidi. Hapo ndipo nilipokaa kitako nikaanza kupiga hesabu, jambo lililotakiwa kutangulia.

Hesabu yenyewe inashangaza, kwa sababu muziki hauli kitu. Spotify, iliyofika rasmi Tanzania, Kenya na Uganda mwaka 2021, ukiiwekea ubora wa juu kabla ya ule wa sauti isiyopoteza chochote, hutuma wimbo kwa kilobiti 320 kwa sekunde. Hiyo ni kama asilimia 3 tu ya laini ya megabiti 10. Karatasini, laini hiyo ingewalisha wasikilizaji 30 kwa mpigo, kila mtu na wimbo wake. Hata ukitaka sauti ya CD isiyopunguzwa chochote ni kilobiti 1,411, hazifiki megabiti moja na nusu. Video moja nzuri ya kwenye televisheni inakula mara kadhaa ya hapo. Kwa wenzangu wa bando: saa nzima ya kilobiti 320 ni MB 144, na ukishusha hadi 160 ni nusu yake.

Zaidi ya hayo, programu ya muziki haisubiri. Inavuta wimbo mbele ya masikio yako na kuuweka akiba, kama mama anayejaza pipa maji yakiwa yanatoka. Mtandao ukipotea sekunde tatu, wewe hujui. Unakunywa ya pipani. Muziki ukikatika, basi ama bomba limefunga muda mrefu mpaka pipa likakauka, ama maji yalikuwa yakidondoka tu na pipa halikuwahi kujaa. Swali la kumuuliza muuza rauta basi haliwezi kuwa "ina kasi gani?" Nyumba yenye megabiti 20 imeshindwaje kufikisha theluthi moja ya megabiti kwenye spika ya chumba cha pili?

Kwa mama mkubwa, jibu la kwanza lilikuwa ukuta. Nyumba za mawe za pwani yetu, Unguja, Lamu, Mombasa ya kale, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta mmoja unaweza kuwa na unene wa nusu mita na ushei. Halafu kuna boriti. Dari imebebwa na miti ya mikoko, na mti wa mkoko ulionyooka vizuri haupatikani mrefu upendavyo, ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu lakini vyembamba, upana wake haufiki hata mita tatu au unazipita kidogo tu. Mtaalamu wa majengo atakwambia uzuri wake. Mimi nakwambia maana yake kwa waifai: ukitoka sebuleni kwenda chumba cha ndani, mawimbi yanavuka ukuta mmoja, hatua nne, ukuta wa pili, hatua nne, ukuta wa tatu. Na chokaa ya pwani haikauki kabisa. Ina unyevu, na maji ni adui mkubwa wa mawimbi haya.

Ukikaa kwenye nyumba ya tofali za saruji bara, tatizo ni hilohilo kwa sura nyingine. Nondo ndani ya zege, grili za madirisha, mabati, friji, tangi la maji juu ya dari, kioo kikubwa cha kabati la nguo: vyote hivi ama vinameza mawimbi ama vinayarudisha yalikotoka. Niliwahi kuona rauta imewekwa nyuma ya televisheni, ndani ya kabati, juu ya king'amuzi kinachochemka. Mwenye nyumba alikuwa anataka kununua mpya. Tuliitoa kabatini, tukaitundika ukutani kimo cha kichwa, na ununuzi ukaishia hapo.

Usikisie, pima. Kuna programu za bure za simu zinazoonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba hasi. Hasi 50 ni nzuri sana. Hasi 67 bado unastarehe. Ukifika hasi 80 unaomba Mungu. Namba hizi zinadanganya macho, maana kila zikishuka kwa 10, nguvu inabaki moja ya kumi. Kutoka hasi 50 hadi hasi 80 umebakiwa na moja ya elfu. Nilitembea nyumba nzima ya mama mkubwa nikiwa nimeshika simu kama mpiga ramli, na pale spika inapokaa nikasoma hasi 79. Antena sita za binamu yangu hazikuwa na la kufanya. Nguvu ya kurusha ya rauta za nyumbani ina kikomo cha kisheria, na hata ukiiongeza, spika nayo lazima ijibu kwa kisauti chake kidogo. Ukimpigia kelele mtu aliye chumba cha tatu anaweza kukusikia. Wewe utamsikia akikujibu kwa kunong'ona?

Hapa ndipo masafa yanapoingia. Rauta nyingi za leo zina kanda mbili: gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ule wa 2.4 unapenya kuta vizuri zaidi, lakini umejaa kama soko la Darajani kuamkia Idi. Una nafasi tatu tu zisizoingiliana, yaani chaneli 1, 6 na 11, na humo zinabanana rauta za majirani, kamera, spika za Bluetooth na hata oveni ya maikrowevu. Ule wa 5 una nafasi nyingi na utulivu, ila ukuta mmoja mnene unauchosha. Kwa fleti ya Kariakoo au Eastleigh, ambapo simu inakuorodheshea mitandao 30 ya watu, ningekusukuma kwenye 5 bila kufikiri mara mbili. Kwa nyumba ya mawe, majirani wamezuiwa na kuta zilezile zinazokutesa, kwa hiyo 2.4 bado ina heshima yake.

Dawa ya kuta nene, na hapa najua nitawaudhi wauzaji, mara nyingi ni waya. Kebo ya kawaida ya mtandao, ile ya Cat5e, inabeba gigabiti moja hadi mita 100, haijui chokaa wala boriti. Tuliipitisha kwenye tundu la zamani la waya wa simu ya mezani, ikashuka ukingoni mwa ua wa ndani, ikapanda chumba cha pili, na mwisho wake tukafunga kituo kidogo cha waifai chenye jina na nywila sawa na vya rauta kubwa. Vile vifaa vya kurudisha mawimbi unavyochomeka kwenye soketi vina kasoro yao: vingi vinapokea na kutuma kwa redio ileile, basi kasi inapungua hata nusu, na ukikichomeka mahali ambapo mawimbi tayari ni mabovu, kitasambaza ubovu huohuo kwa uaminifu. Seti za rauta mbili au tatu zinazoshirikiana, wenyewe wanaziita meshi, ni bora kuliko hivyo, na ni bora zaidi zikiunganishwa kwa waya. Ukikosa pa kupitisha waya, weka ya pili nusu njia, pale inapoisikia ya kwanza vizuri. Usiiweke kule ulikokosa mtandao.

Nusu ya makelele yakaisha. Ila bado baadhi ya jioni muziki ulikuwa unakwama, na hasa siku ambazo wajukuu wamekuja. Nikadhani ni wingi wa simu. Kumbe ni foleni.

Nilikaa na kompyuta nikawa napingi, yaani natuma kijiujumbe na kuhesabu kinachukua muda gani kurudi. Kila kitu kikiwa kimya, jibu lilirudi ndani ya milisekunde 30 hivi. Kisha mjukuu mmoja akafika na simu iliyojaa picha na video za harusi ya wikiendi, ikashika waifai, ikaanza kuzipandisha zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni. Namba zikapanda: 200, 600, zikavuka 1,000. Sekunde nzima na zaidi kwa kijiujumbe kimoja. Kasi ya kushusha ilikuwa palepale, megabiti 20, maana kilichojaa ni njia ya kupandisha.

Fikiria kivuko cha Kigamboni asubuhi, lakini kisichokuwa na mlango wa waenda kwa miguu. Kuna foleni moja tu. Mbele yako lori 40 za mchanga, nyuma yao wewe umeshika bahasha moja. Kivuko chenyewe kinakwenda kasi yake ya siku zote, ila bahasha yako itavuka saa nne. Programu ya muziki, kila inapotaka kipande kinachofuata, inatuma ombi dogo sana kwenda juu, na majibu ya kwamba "nimepokea, endelea" nayo yanapita njia hiyohiyo. Ombi limesimama nyuma ya video za harusi. Pipa linakauka.

Kuna Mmarekani, Jim Gettys, mtu wa programu za kompyuta, aliyekutana na balaa hili nyumbani kwake miaka ya 2010 na 2011 akaanza kulipigia mbiu. Alionyesha kwamba watengenezaji walikuwa wameweka maegesho makubwa mno ndani ya vifaa vyao, kwa nia njema, ili kisipotee hata kipande kimoja cha data. Matokeo yake foleni inavimba badala ya mtumaji kuambiwa apunguze mwendo. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa kanuni ya kusimamia foleni inayoangalia kipande kimekaa kwenye mstari muda gani, na kikizidi, kinatupwa ili mtumaji ashtuke. Baadaye ikaongezwa busara nyingine: kila mazungumzo yapewe mstari wake, wenye mizigo midogo wapite haraka. Huo mchanganyiko unaitwa fq_codel, na ulichapishwa kama waraka rasmi wa mtandao mwaka 2018. Bahasha yako imepewa mlango wake.

Kwa maoni yangu hiki ndicho kipengele cha kwanza cha kutafuta kwenye rauta ya muziki, kabla ya antena na kabla ya kasi. Kwenye menyu kinaweza kuandikwa SQM, au QoS yenye sehemu ya kuweka kikomo cha kasi. Ukikipata, pima kasi halisi ya laini yako kisha weka kikomo cha asilimia 85 hadi 95 ya hiyo, kwa kushusha na kwa kupandisha. Ndiyo, unajipunguzia kasi kwa makusudi, na mama mkubwa alinitazama kwa jicho la "tumelipia 20 za nini?" Lakini sababu ipo: foleni inajengeka pale njia inapokuwa nyembamba kuliko pote. Ukiifanya rauta yako iwe ndiyo nyembamba, foleni itakuwa mikononi mwako na utaisimamia. Usipofanya hivyo itajengeka kwenye kifaa cha kampuni ambacho hukigusi. Kwa rauta za laini ya simu, za 4G, kazi ni ngumu kidogo kwa sababu kasi ya mnara inapanda na kushuka kutwa nzima. Weka kikomo cha chini kidogo uone.

Rauta nyingi wanazogawa makampuni hazina kitu hiki. Haina maana uzitupe. Kile kiboksi cha faiba kinageuza mwanga unaoleta intaneti kuwa mawimbi ya umeme na mara nyingi huwezi kukiondoa, ila unaweza kukizima waifai yake na kufunga rauta yako nyuma yake kwa waya. Wapenda ufundi watatafuta modeli inayokubali kubadilishiwa programu yake na kuwekewa OpenWrt, programu huria iliyoanza mwaka 2004 kutokana na programu ya rauta moja ya bluu ya Linksys, WRT54G, ambayo wazee wa kompyuta bado wanaitaja kwa mapenzi. Rauta ya kawaida yenye programu hiyo inaweza kuishinda ya bei mara tatu. Hakikisha tu modeli uliyoishika, pamoja na namba ya toleo iliyo chini yake, imo kwenye orodha yao, maana sanduku moja hubadilishwa matumbo bila kubadilishwa jina.

Tukifika kwenye sanduku, tulisome. AC1200 iliyoandikwa juu yake si kasi utakayoipata popote duniani. Ni megabiti 300 za ukanda wa 2.4 zilizojumlishwa na 867 za ukanda wa 5, kisha zikakuzwa kidogo zipendeze. AX1500 ni 300 na 1,201. AX3000 ni 574 na 2,402. Simu ya kawaida inashika ukanda mmoja kwa wakati, kwa hiyo jumla hiyo ni kama kujumlisha spidi ya pikipiki na ya gari ukasema familia yako inakimbia kilomita 200 kwa saa. Geuza sanduku utazame nyuma: rauta nyingi za AC1200 zina matundu ya waya ya megabiti 100 tu. Kwa muziki na laini ya 20 zinatosha na kubaki, lakini inakuonyesha namba ya mbele iliandikwa kwa ajili ya nani.

Wi-Fi 6 ina faida ya kweli, na nisingenunua chini yake leo kama bei zinakaribiana. Vyeti vyake vilianza kutolewa mwaka 2019. Inaweza kuhudumia vifaa kadhaa ndani ya zamu moja, jambo linalosaidia nyumba ya simu 15, na inafanya kazi kwenye kanda zote mbili, tofauti na Wi-Fi 5 iliyoboresha ukanda wa 5 peke yake na kuuacha wa 2.4 na teknolojia ya mwaka 2009. Lakini spika yako ya zamani haitageuka kuwa mpya kwa kuunganishwa na rauta mpya. Wi-Fi 7, iliyoanza kupewa vyeti Januari 2024, kwa muziki wa nyumbani ni kununua lori la kubebea bahasha.

Kabla hujaitoa hela mfukoni, hakikisha rauta ndiyo mkosaji. Pingi anwani ya rauta yenyewe, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, halafu pingi kitu cha nje. Ikiwa ya ndani inayumba, ugonjwa ni waifai yako. Ikiwa ya ndani imetulia na ya nje inayumba, na hakuna anayepandisha mizigo nyumbani, piga simu kwa kampuni. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu na intaneti ikadhoofika Afrika Mashariki nzima. Siku ile nilipokea simu tatu za watu wanaotaka ushauri wa rauta.

Mkosaji mwingine anayejificha ni Bluetooth. Inatumia gigahezi 2.4 hiyohiyo, ikirukaruka chaneli mara 1,600 kwa sekunde kukwepa msongamano. Sauti ikikatwakatwa vipande vidogo vidogo, kama kanda ya kaseti iliyolowa, huyo ni Bluetooth: simu iko mfuko wa nyuma na mwili wako, ambao ni maji matupu, umesimama katikati. Muziki ukinyamaza kabisa kwa muda mrefu kisha ukarudi safi, huo ni mtandao. Kuhamishia simu kwenye waifai ya 5 kunaipumzisha Bluetooth. Na spika zinazovuta muziki zenyewe kutoka intaneti, simu ikibaki kama rimoti tu, zina raha yake: simu inaweza kutoka kwenda dukani na taarabu ikaendelea. Spika ikikataa kuonekana kwenye simu, angalia kama moja wapo haiko kwenye mtandao wa wageni. Mtandao huo umetengenezwa makusudi ili vifaa visionane.

Likabaki la umeme. Sisi wa Unguja tulioishi gizani kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 hatuhitaji kuelezwa. Umeme ukichezea sekunde mbili tu, rauta inazima na kuwaka upya, na kuwaka kwake ni dakika moja au mbili, muda ambao pipa lolote limekauka. Kuna betri ndogo za rauta, ukubwa wa kitabu cha mfukoni, zinazotoa volti 12 au 9. Soma kibandiko cha adapta yako: volti ziwe zilezile, ampea zisipungue, na pini iingie bila kulazimishwa. Nilimfungia mama mkubwa moja nikaondoka kifua mbele. Umeme ukakatika Jumamosi, rauta ikabaki inawaka taa zote, na muziki ukazima. Nilisahau kiboksi cha faiba, kilikuwa bado kwenye soketi ya ukutani.

Nimemwekea na hicho betri yake. Siku hizi akinipigia jioni ni kulalamikia matangazo yanayoingia katikati ya nyimbo, anataka nimfungie rauta isiyo na matangazo.